Vipuri visivyooana vinakula mtaji wa wenye kumbi za gemu

BIASHARA ya kumbi za gemu imeingia mitaani bila kelele. Watu wenye mtaji mdogo, waliozoea kuuza simu, vocha na vifaa vya umeme, sasa wanaulizia Kariakoo kompyuta za kuchezea kwa bei nafuu. Wengine hawana haja ya ukumbi. Wanataka kuunganisha mashine na kuwauzia wanafunzi wa vyuo. Wote hao jibu wanalopewa madukani ni moja: chukua kompyuta ya mitumba iliyotoka ofisini, ongeza kadi ya picha, kazi imekwisha.

Kwa maoni ya safu hii, hilo ni jibu la muuzaji. Mnunuzi anahitaji jibu jingine.

Ubishi wetu hauko kwenye mitumba. Kompyuta nyingi zilizotumika ni imara kuliko mpya za bei ya chini. Ubishi uko kwenye hesabu. Bei ya kipuri kimoja haikuambii gharama ya kompyuta nzima, na mfanyabiashara anayenunua kipuri kimoja kimoja kwa kufuata unafuu hukwama njiani. Anapata kadi kwa bei ya kutupa, anakuta pawa saplai haiiwezi. Ananunua pawa saplai, anakuta haichomeki kwenye madabodi. Anatafuta madabodi nyingine, anakuta haiikubali prosesa aliyonayo. Kufikia hapo amelipia vipuri vya kompyuta moja na nusu na hana hata moja inayowaka. Mtaji umelala, na kama ulikuwa wa mkopo, riba haikulala.

Chukua mfano wa Dell OptiPlex au HP EliteDesk, majina ambayo kila muuza kompyuta za mitumba anayafahamu. Ni mashine za ofisi, zilizonunuliwa kwa wingi na makampuni ya ng'ambo, na zikishatimiza miaka yao huuzwa kwa mafungu hadi zikatufikia. Aina ile nyembamba, inayolazwa chini ya monita, ina pawa saplai ya wati 180 hadi 260 hivi. Kichomekeo chake cha umeme kwenye madabodi mara nyingi si kile cha pini 24 kinachotumika kwenye kompyuta za kuunganisha; mtengenezaji ameweka cha kwake. Huwezi kuitoa pawa saplai hiyo ukaweka ya duka lolote bila kebo ya kubadilishia, na hata ukiipata kebo, boksi lenyewe ni jembamba mno kupokea pawa saplai ya kawaida.

Kadi ya picha nayo inawekewa masharti mawili. Lazima iwe ya kimo kifupi ili iingie, na isidai zaidi ya wati 75, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachotolewa na tundu la kadi bila kebo ya ziada. Kadi za namna hiyo zipo. Ipo GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, ipo GTX 1650 ya mwaka 2019 katika matoleo yasiyo na kebo, na ipo RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka Februari 2024, inayotumia wati 70. Lakini kwa kuwa kila mwenye boksi jembamba anaitafuta hiyo hiyo ya kimo kifupi, mwenye nayo dukani anajua. Unafuu ulioupata kwenye boksi unaanza kurudi kwa muuza kadi.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawapendi kulitaja. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa masharti rasmi, inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Makampuni yaliyokuwa na mashine za kizazi cha 4 hadi cha 7 yalikuwa na kila sababu ya kuziondoa, na mashine za namna hiyo ndizo zinazoonekana rahisi kupita kiasi. Fundi anaweza kuingiza Windows 11 kwa njia za panya na ikafanya kazi. Hata hivyo gemu ya Valorant, ambayo vijana wa kumbi wanaiulizia sana, inadai TPM 2.0 na ulinzi wa kuwashia mashine ukiwa kwenye Windows 11. Mteja aliyelipia saa yake hataki kuelezwa habari za TPM.

Je, boksi la ofisi halifai kabisa? Linafaa kwa mwenye fedha kidogo anayetaka mashine moja au mbili za mpira na gemu za zamani. Achukue yenye prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, aiinunue pamoja na kadi yake ikiwa inawaka mbele ya macho yake, na aihesabu kama kitu kilichofungwa, kisichoongezwa chochote. Kosa ni kuinunua kama msingi wa kujengea.

Anza na ukoo wa soketi

Kompyuta ya kuunganisha huanza na soketi, yaani kikalio cha prosesa kwenye madabodi. Soketi ndiyo inayoamua prosesa zipi zitakaa, RAM ya aina gani itaingia na, miaka miwili baadaye, utaweza kuongeza nini bila kubomoa. Wengi huanza na kadi ya picha kwa sababu ndiyo inayotajwa na wachezaji. Mfanyabiashara aanze na soketi.

Na hapo asitegemee macho. Soketi ya Intel iitwayo 1151 ni mfano unaopaswa kubandikwa ukutani. Ilitumika kwa prosesa za kizazi cha 6 na cha 7, kisha kuanzia mwaka 2017 ikatumika kwa kizazi cha 8 na cha 9. Jina ni lile lile na idadi ya pini ni ile ile, lakini Intel ilibadili mpangilio wa umeme ndani yake. Prosesa ya kizazi cha 8 inakaa vizuri kwenye madabodi ya kizazi cha 7, kifuniko kinafunga, na kompyuta haiwaki. Muuza prosesa atakuapia kwamba prosesa ni nzima. Muuza madabodi atakuapia vivyo hivyo. Na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Kwa mtaji mdogo, safu hii inaipendelea soketi ya AM4 ya AMD. Ilianza mwaka 2016, na mwaka 2024 kampuni hiyo ilikuwa bado inaitolea prosesa mpya. Maana yake kwa mfanyabiashara ni kwamba madabodi moja inaweza kubeba prosesa ya bei ya chini leo na ya nguvu zaidi kesho, huku RAM na pawa saplai zikibaki zile zile. Mwenye Ryzen 5 5500 anaweza baadaye kuichomoa, akaweka Ryzen 7 5700X yenye kore 8, na ile ya kwanza akaiuza. Hiyo ni mali inayozunguka.

Lakini AM4 nayo ina mtego wake. Madabodi za chipseti ya B450 zilitoka mwaka 2018, na prosesa za ukoo wa Ryzen 5000 zilianza kutoka Novemba 2020. Madabodi iliyokaa stoo tangu mwanzo haiitambui prosesa hiyo mpaka BIOS yake iwekewe toleo jipya, na kwenye madabodi nyingi huwezi kuweka toleo jipya bila kuwa na prosesa ya zamani inayoiwasha. Baadhi zina kitufe cha kuweka BIOS kupitia flashi bila prosesa. Fundi mwenye akili huwa na prosesa moja kuukuu ya AM4 kwenye droo yake kwa kazi hii tu. Ukimkosa fundi huyo, mwambie muuzaji aweke toleo jipya kabla hujalipa, na alionyeshe kwenye kioo.

Upande wa Intel, soketi ya 1700 iliyoanza mwaka 2021 si mbaya. Prosesa kama i3-12100F na i5-12400F zinafanya kazi nzuri kwa fedha zake. Ila chunguza madabodi: nyingine ni za DDR4 na nyingine ni za DDR5, kwa soketi ile ile, na hazibadilishani. Herufi F mwishoni mwa jina nayo isikupite. Ina maana prosesa haina picha yake yenyewe, kwa hiyo bila kadi hutaona chochote kwenye monita. Tena feni ya prosesa iliyotoka kwenye soketi ya 1151 au 1200 haifungi kwenye 1700 bila vishikio vipya, kwa sababu matundu yalisogezwa kutoka milimita 75 hadi 78. Ni milimita 3 tu, lakini zinatosha kukurudisha dukani.

Wapo wanaoleta madabodi za X99 kutoka China pamoja na prosesa za Xeon za mwaka 2014, kwa bei ya kuvutia. Kwa mtu wa kujifunza ni sawa. Kwa biashara inayolipisha kwa saa, mashine ambayo madabodi yake ikifa huna pa kuidai ni bahati nasibu.

RAM imegeuka bidhaa adimu

Zamani RAM ilikuwa kipuri cha mwisho kufikiriwa, kwa kuwa bei yake ilikuwa ndogo na iliendelea kushuka. Hali hiyo iligeuka katika miezi ya mwisho ya mwaka 2025. Watengenezaji wakubwa watatu wa dunia, Samsung, SK Hynix na Micron, walielekeza sehemu kubwa ya uzalishaji kwenye kumbukumbu za seva za akili mnemba, na RAM za kompyuta za kawaida zikapanda bei kwa kasi ambayo wauzaji hawakuitegemea. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaachana na biashara ya Crucial kwa wateja wa kawaida. Crucial ni jina ambalo mafundi wetu wamelitumia kwa miaka mingi.

Hii ndiyo sababu nyingine ya kutoikimbilia soketi ya AM5. Ilitoka mwaka 2022, ni nzuri na ina umri mbele yake, lakini inakubali DDR5 peke yake. Mwenye AM4 anatumia DDR4, na DDR4 zipo kwenye mzunguko wa mitumba. Mashine ya ofisi ya kizazi cha 8 iliyokufa madabodi inaweza kukupa RAM nzuri kabisa.

Ila si kila RAM iliyoandikwa DDR4 itaingia. Ya laptopu ni fupi, na baadhi ya kompyuta ndogo za mezani zinatumia hiyo hiyo. Ya seva ni ndefu kama ya kawaida na huonekana rahisi mno kwa ukubwa wake, lakini aina yake ya rejista haifanyi kazi kwenye madabodi ya nyumbani. Ukiona GB 32 inauzwa kwa bei ya GB 8, uliza kwanza ilitoka kwenye mashine gani. Kuhusu DDR4 na DDR5, zote mbili za mezani zina pini 288. Kinachotofautiana ni mahali pa pengo. Anayelazimisha kwa kidole gumba anavunja tundu la madabodi.

Kwa gemu, weka GB 16 kwa vipande viwili vya GB 8, wala usiweke kipande kimoja. Vipande viwili vinapitisha data kwa njia mbili kwa pamoja, na tofauti inaonekana, hasa kwa prosesa zenye picha ndani yake. Wakati wa kuwasha kwa mara ya kwanza, fundi aingie kwenye BIOS akawashe kasi iliyoandikwa kwenye RAM. Asipofanya hivyo umelipia kasi usiyoitumia.

Kadi ya picha na umeme wake

Sasa tuje kwenye kadi. Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha utaratibu uliotumia kadi za picha kuichimba, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo mchana na usiku zikaingia sokoni. Kadi ya mchimbaji si lazima iwe mbovu, lakini feni zake na pedi za kupitisha joto zimechoka. Idai iwashwe kwenye gemu nzito kwa nusu saa nzima. Dakika tano hazitoshi, kadi haijapata joto.

Kuna udanganyifu wa wazi pia. Kadi za zamani kama GTS 450 na GTX 550 Ti zimewahi kubadilishwa programu yake ya ndani zikauzwa kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu mwaka 2018, inazitambua nyingi na kuandika kwamba ni bandia. Mwingine si udanganyifu bali ni jina la kupoteza watu: RX 580 2048SP, iliyotolewa kwa soko la China mwaka 2018, ina kore 2,048, wakati RX 580 halisi ina 2,304. Ni kadi halali, lakini isilipwe bei ya ndugu yake.

Aidha, Oktoba 2025 Nvidia ilitoa draiva yake ya mwisho ya gemu kwa kadi za ukoo wa GTX 900 na GTX 10, ikabakiza masasisho ya usalama tu. GTX 1650 ni ya ukoo wa baadaye na haikuguswa na uamuzi huo. Anayenunua fungu la 1050 Ti au 1060 ili auze aipunguze bei ya kununulia kwa sababu hiyo, maana mteja akisharudi kusema gemu mpya inagoma, hatamfuata Nvidia.

Kadi ambayo safu hii inaona inastahili mtaji wa kawaida ni RX 6600. Ilitoka Oktoba 2021 kwa dola 329 za Marekani, ina GB 8, na inatumia wati 132 kupitia kebo moja ya pini 8. Ndogo yake, RX 6500 XT ya Januari 2022, iliyotangazwa kwa dola 199, inaonekana kama njia ya mkato. Tunashauri ipitwe. Ina GB 4, na inazungumza na madabodi kwa njia 4 tu. Kwenye madabodi ya toleo jipya la PCIe 4.0 inakwenda, lakini kwenye B450 au A520, ambazo ni 3.0, njia hizo 4 zinabaki na nusu ya upana. Hata B550 haikuokoi ukiweka Ryzen 5 5500, kwa kuwa prosesa hiyo yenyewe ni ya 3.0. Kila kipuri hapo ni kizima na kimeingia mahali pake, ila gemu inakatakata na mteja anahamia ukumbi wa jirani.

Pawa saplai ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote, pengine kwa sababu haionekani kwenye kioo. Hesabu yake si ngumu. RX 6600 wati 132, prosesa ya wati 65 iache ifike karibu 90 ikifanya kazi kwa nguvu, vingine vyote 50. Jumla haifiki 280. Pawa saplai ya kweli ya wati 450, ambayo ndiyo AMD inayopendekeza kama kima cha chini kwa kadi hiyo, inatosha na inabakiza. Neno lenye uzito hapo ni "ya kweli". Boksi jepesi lililoandikwa wati 600 na kuuzwa pamoja na keisi kama zawadi, likifa, linaweza kuondoka na kadi na madabodi. Soma lebo ya pembeni: tafuta wati za volti 12, maana ndizo zinazolisha kadi na prosesa. Alama ya 80 Plus inaeleza ufanisi wa kutumia umeme. Haithibitishi usalama peke yake.

Mambo mawili ya hatari kwa fundi anayejifunza. Kebo ya pini 8 ya prosesa na ile ya pini 8 ya kadi zinafanana, lakini chanya na hasi zake zimepangwa kinyume. Na kebo za kuchomoa za pawa saplai moja zisitumike kwenye nyingine, hata kama zinaingia. La tatu ni dogo: zile pawa saplai za zamani zenye kiswichi chekundu cha 115 na 230 zihakikiwe kabla ya kuchomekwa, hasa mzigo uliotoka Marekani. Ikiwa kwenye 115 na umeme wetu ni 230, utasikia mlio mmoja tu.

Hesabu ya mwenye ukumbi

Tuchukulie mashine moja yenye monita yake imekugharimu shilingi 1,400,000, unalipisha shilingi 1,000 kwa saa, na inatumika saa 7 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni saa 182, sawa na shilingi 182,000. Mashine na monita zikila wastani wa wati 250, saa moja ni robo ya uniti. Ukiweka uniti kwa shilingi 350, umeme wa mwezi hauzidi shilingi 16,000. Inabaki 166,000 kabla ya pango na mshahara wa kijana wa zamu. Kila msomaji aweke bei za mtaani kwake, lakini sura ya hesabu itabaki hiyo: umeme haukuui. Kinachoua ni mashine iliyosimama. Wiki mbili za kusubiri madabodi sahihi zimekula 83,000 kwa mashine moja. Kama ulinunua kumi kwa pamoja kwa kosa lile lile, ni 830,000, na bado hujalipia kipuri cha kubadilishia.

Ndiyo maana ushauri wa kununua vyote kwa jumla ili upate punguzo hatuuungi mkono kwa anayeanza. Unganisha mashine moja. Ichezwe siku nne au tano mfululizo, mchana wa joto la Dar es Salaam, milango ikiwa wazi na vumbi likiingia kama litakavyoingia siku zote. Andika jina kamili la kila kipuri kilichomo. Ndipo ukanunue tisa zilizobaki kwa orodha hiyo hiyo, bila kukubali "hii ni kama ile". Punguzo utakalolikosa kwenye mashine ya kwanza ni dogo kuliko hasara ya kuzidisha kosa kwa kumi. Faida nyingine itaonekana baadaye: mashine kumi za aina moja zinatumia akiba moja ya pawa saplai na kipande kimoja cha RAM cha dharura, na fundi haanzi upya kila anapoitwa.

Mwenye fedha zinazoingia kidogo kidogo ana njia nyingine. Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 ina picha yake ndani. Ukiiweka na RAM mbili za GB 8, inacheza gemu nyepesi na za mpira kwa mipangilio ya chini bila kadi yoyote. Mashine inaanza kuingiza fedha, na kadi inanunuliwa kutokana na mapato. Prosesa hiyo nayo ni ya PCIe 3.0, kwa hiyo kadi itakayofuata iwe RX 6600, yenye njia 8, wala isiwe 6500 XT. Ila pawa saplai ya kadi hiyo nunua tangu siku ya kwanza.

Monita za ofisi zinauzwa kwa bei nzuri na zinafaa, lakini nyingi zina tundu la VGA, na RX 6600 ina HDMI na DisplayPort tu. Kigeuzi kinapatikana na hakigharimu sana. Kiingizwe kwenye bajeti mapema, mara kumi.

Kwenye risiti ya EFD usikubali neno "motherboard" peke yake wala "kadi 8GB". Idai iandikwe B450M ya kampuni gani, au RX 6600 ya kampuni gani, pamoja na namba ya kipuri na siku za dhamana. Muuzaji anayekataa kuandika hivyo anajua kwa nini anakataa.

Kwa wale ambao tayari wana vipuri visivyooana stoo, visiuzwe kwa fungu moja kwa bei ya hasara. Vipange kwa koo. RAM za DDR3 na prosesa za kizazi cha 4 bado zinatakiwa na maduka ya stesheni na vituo vya kuchapa, ambako kompyuta za namna hiyo hazijastaafu. Madabodi za 1151 ziandikwe kwa kalamu kama ni za kizazi cha 6 na 7 au cha 8 na 9, na ziuzwe pamoja na prosesa zake zikiwaka, maana mbili zinazowaka pamoja hupata bei kuliko kila moja peke yake. Kadi za kimo kifupi zipelekwe kwa wauza OptiPlex wenyewe. Pawa saplai isiyo na lebo inayosomeka asiuziwe mtu yeyote. Itolewe feni yake, na boksi liende kwa wanunuzi wa chuma chakavu.